Tarumbeta ya Fa

Arua, 3 Machi 1974

Driwaru wangu,

Kaa kwanza. Kama umesimama mbele ya darasa na barua hii mkononi, wape watoto hesabu ngumu, halafu ukae.

Umesimama! Wimbo umesimama bila waya!

Ngoja nikueleze polepole, maana najua utaanza kunicheka. Jana nilikuwa dukani natengeneza redio ya karani mmoja wa kule juu Arua Hill. Nazungusha kinobu hivi na hivi, natafuta stesheni za ng'ambo, mara nasikia wimbo wetu. Ule ule wa santuri yangu, wa wale vijana wa Uingereza wenye nywele za kufika mabegani, ule nilioupiga kwenu Krismasi. Lakini hakuna gitaa hata moja! Hakuna zile ngoma kama mutu anavunja mlango. Ni okestra: fidla nyingi, filimbi, tarumbeta za shaba, watu wazima waliovaa suti. Sikuwaona, lakini okestra ya namna ile haiwezi kuvaa kaptula. Na pale ambapo gitaa linalia, pale unapopapenda, fidla zilipanda taratibu, zikakaa juu kidogo, zikashuka. Nililia, Driwaru. Karani alikuja kuchukua redio yake akanikuta na kamasi.

Unakumbuka maneno ya baba yako. Mimi nalala nayo. Nilikuja kwenu Ludara kujitambulisha kama mwanaume, na gitaa langu la umeme, na kikuza sauti, na betri ya gari ya kuazima, na Shangazi Léontine kavaa kitenge kipya. Katikati ya wimbo betri ikafa. Gitaa likabaki linalia chwi-chwi kama panya. Watoto walianguka kwa kicheko. Mzee Abiriga hakucheka. Aliniambia, "Kijana, binti yangu haolewi na betri. Wimbo wako ukisimama bila waya, ndani ya tarumbeta zangu, njoo tuzungumze mambo ya mahari. Usiposimama, kaa huko Arua."

Tangu siku ile nilikuwa nimekata tamaa, sikutaka kukuambia. Nilidhani nyimbo hizi zimezaliwa na umeme na bila umeme zinakufa. Sasa nimepumua. Kama wazungu wameweza kwa fidla, sisi tutashindwaje kwa miti ya Ludara?

Karatasi ya pili ni noti zote kwa do-re-mi, kama katika kitabu cha nyimbo za kanisa. Wafundishe wazee. Barua nampa Mogga wa lori, ataileta shuleni kama kawaida, si nyumbani.

Wako kabisa,
Camille

*

Ludara, 15 Machi 1974

Camille,

Nimekaa. Watoto wamefanya hesabu ngumu na wote wamekosa. Dhambi hiyo ni yako.

Nimefurahi mpaka nimechoma maharagwe. Lakini sasa nikueleze, wewe mtu wa soketi, jinsi tarumbeta za baba zilivyo, kwa sababu Krismasi hukuuliza chochote, ulikuwa unaitazama betri. Hizi agwara zetu ni mti mrefu uliotobolewa, na kila moja ina sauti moja tu. Mzee wa do hawezi kutoa re hata umchape. Anapuliza yake, anangoja, mwenzake anapuliza yake, na wimbo unapita mdomo kwa mdomo mpaka unafika. Asipokuwepo mmoja, pale pake panabaki wazi na hakuna wa kumzibia.

Kwa hiyo nilimpa kila mzee noti yake, nikasimama mbele yao na fimbo ya ubao, nanyoosha kidole kama nafundisha darasa la kwanza. Jioni ya kwanza walinung'unika sana. Walisema wimbo gani huu unaanza bila kusalimu watu. Jioni ya pili waligoma kwenda nyumbani. Baba alikuwa nyuma ya ghala, anasema anatafuta jembe. Jembe lilikuwa mkononi mwake.

Lakini tuna mashimo mawili. La kwanza ni la kaka yangu Dramadri. Yeye ndiye re. Aliondoka na lori la tumbaku mwezi wa kwanza, akavuka mpaka pale Vurra kuingia kwenu Kongo, na tarumbeta yake iko naye, maana hasafiri bila hiyo. Mpaka leo hakuna neno. Baba hamtaji. Ila jioni lori likisikika barabarani, anaacha kutafuna.

Shimo la pili ni fa. Tarumbeta zetu hazina fa kabisa, na pale gitaa lako linapolia ni fa tupu. Wazee wanafika pale wanabaki wanatazamana, mashavu yamejaa hewa. Sijui tutafanyaje.

Hata hivyo, baba jana alisema, na nakuandikia kama alivyosema: "Huyu kijana wa redio, wimbo wake una mifupa." Tafadhali usivimbe kichwa, kofia zimeadimika madukani.

Driwaru

*

Arua, 29 Machi 1974

Driwaru wa mifupa yangu,

Nimemsomea Shangazi Léontine. Amepiga vigelegele mpaka majirani wakauliza nani amejifungua.

Nakuambia siri ambayo ukisoma hapa tayari si siri. Mimi siwezi kukaa na shimo. Nilikwenda Aru, pale ng'ambo ya Vurra, kuna fundi anachonga agwara. Nilikwenda na gitaa. Yeye anakata mti, mimi nagusa waya wa fa, anapuliza, tunasikiliza, anakata tena. Tuliharibu miti hadi mke wake akaanza kuipikia. Halafu moja ikasema. Fa! Fa kabisa, safi, nzito, kama mutu mzima anaita mtoto wake kutoka mbali. Fundi mwenyewe aliruka.

Shangazi ameifunga vizuri ndani ya kitambaa cheupe cha marekani, kipya, hakijaguswa na sabuni. Anasema zawadi ya wakwe haiendi uchi, na vumbi la barabara ya Koboko halina heshima. Mogga akitoka Vurra ataipitia hapa Arua, aje nayo kwenu moja kwa moja. Tarumbeta ataiweka mikononi mwa mzee mwenyewe, kwa adabu, na barua hii atakuletea shuleni. Natamani ningekuwa nzi ukutani nione uso wa baba yako anapoipokea.

Shimo la Dramadri sina dawa yake. Lakini langu nimeziba.

Camille wako

*

Ludara, 10 Aprili 1974

Camille,

Ungekuwa mbele yangu ningekupiga kwa kiatu, halafu ningekulilia begani.

Juma zima nilikuwa Koboko kwenye mafunzo ya walimu. Barua yako ilikaa mezani kwa mwalimu mkuu. Ijumaa narudi kwa miguu kutoka njia panda, nasikia vilio. Vilio vya nyumbani kwetu, Camille, unavijua hata ukiwa mbali. Nikatupa mfuko, nikakimbia. Mama kagaagaa chini, ana vumbi mpaka kwenye kope. Wanawake wamejaa uani. Baba amekaa kwenye kigoda, na magotini kwake kuna tarumbeta iliyofungwa kitambaa cheupe.

Hujui, na mimi sikuwahi kukuambia. Katika ukoo wetu, mpuliza tarumbeta akifia safarini, wenzake hawaleti habari kwa mdomo. Wanairudisha tarumbeta yake imefungwa kitambaa cheupe, wanamkabidhi baba mkononi, wanaondoka kimya. Hakuna anayeifungua mpaka mjomba wa marehemu afike. Sasa fikiria. Lori linatoka Vurra, upande ule ule alikopotelea Dramadri. Na Mogga, ambaye siku zote hanyamazi, siku hiyo ana malaria, ametapika njia nzima. Alishuka, akaikabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu kama ulivyomwagiza, akapanda lori akaondoka bila neno.

Nami nililia pamoja nao usiku mzima. Asubuhi mwalimu mkuu akaja kutoa pole, na barua yako mfukoni. Niliisoma hapo hapo, nimesimama kati ya waombolezaji. Nilianza kucheka, wakadhani nimechanganyikiwa.

Nilimweleza baba. Mama alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaanza kulia upya. Baba hakucheka. Alisema: "Nimeshamzika mwanangu moyoni. Hakuna mtu anamfufua kwa barua. Mpaka nimwone Dramadri kwa macho yangu, kitambaa hiki hakifunguliwi, wimbo ule haupulizwi, na jina la kijana yule halitajwi kwangu."

Na siwezi kumlaumu. Wewe ulikosea, sawa. Lakini hatujui Dramadri yuko wapi. Naogopa kwamba kosa lako limetangulia tu, na habari yenyewe iko njiani inakuja.

Driwaru

*

Arua, 13 Aprili 1974

Driwaru,

Sina la kujitetea. Kwetu kitambaa cheupe ni cha ubatizo na cha bibi harusi. Shangazi hali chakula tangu jana. Anasema mikono yake imemwua mtoto wa watu.

Nimefunga duka. Kesho navuka Vurra. Watu wa tumbaku wanasema lori lake lilionekana njia ya Bunia, kwa hiyo nakwenda njia hiyo, nauliza kila gereji, kila kituo, kila mama anayeuza wali. Yakiwa mazuri nitayaleta. Yakiwa mabaya nitayaleta pia, kwa mdomo wangu, nikimtazama baba yako usoni. Sitatuma kitambaa tena maisha yangu yote.

Huko kwetu siku hizi majina ya kizungu kama Camille yamekatazwa na serikali, kila mutu awe na jina la babu zake. Wakiniuliza nitasema naitwa Abiriga. Labda litanipa nguvu.

Niombee.
Camille

*

Ludara, 6 Mei 1974

Camille,

Naliandikia duka lenye kufuli. Mogga anasema hajakuona, na vijana wa pale sokoni wamemwambia ulibeba gitaa lako ukaondoka, kwa hiyo umerudi kwenu, hutarudi tena. Nilimwambia hawakujui. Halafu nilikwenda nyuma ya darasa nikajiuliza, kama anakwenda kumtafuta mtu, gitaa la nini?

Mama anampikia Dramadri kila jioni, anafunika sahani, asubuhi tunakula sisi. Ile tarumbeta iko juu ya dari ya nyumba ya baba, na kitambaa chake. Wazee wakikutana njiani wanatikisa tu kichwa kwa mapigo ya wimbo wako, midomo wamefunga, kwa sababu wamekatazwa kuupuliza tu, hawakukatazwa kuufikiria.

Jana baba alimwuliza Mogga, bila kumtazama, "Lile duka la redio bado limefungwa?" Mogga akasema ndiyo. Baba akasema, "Mm." Usiku nilimsikia anatembea uani.

Sasa nina watu wawili wa kusubiri. Zamani nilidhani mmoja ni mzigo. Rudi, hata mikono mitupu. Nakuambia rudi tu.

Driwaru

*

Bunia, 9 Mei 1974

Driwaru,

Nimemwona. Anakula.

Hayo mawili mpelekee mzee sasa hivi, kimbia, halafu urudi usome mengine.

Umerudi? Basi. Nilimkuta kwenye gereji moja hapa Bunia, amekaa chini ya lori lake, sahani ya samaki mapajani. Amenenepa! Nilimjua kwa tarumbeta iliyofungwa pembeni ya mlango wa dereva. Gia boksi lilikufa huko porini mwezi wa pili, wakavutwa mpaka hapa, na hapa hakuna gia boksi. Alishikwa na homa kali pia, alilazwa muda, sasa amepona. Anasema aliwapa wafanyabiashara barua wailete kwenu, na tena akawapa wengine. Hakuna iliyofika, na hao wafanyabiashara nikiwajua nitawatengenezea redio vibaya.

Nilipomwambia kwamba kwenu wamemlilia, samaki alibaki mdomoni. Akauliza, "Mama alilia sana?" Nikasema sana. Akaweka sahani chini akalia kama mtoto, na mimi nikalia, na fundi wa gereji ambaye hatujui wote wawili akalia pia.

Gia boksi nilipata kwa jamaa mmoja mwenye baa. Alikataa noti, anasema karatasi anazo. Alitaka gitaa. Nililibeba ili nikikwama njiani nipige nipate chakula, kumbe linangoja kazi kubwa zaidi. Sasa liko ukutani kwake, na lori la kaka yako linanguruma. Usinihurumie. Usiku wa kwanza vidole viliniwasha, wa pili nililala vizuri kuliko usiku wowote tangu Aprili.

Tunaondoka mara barabara ikikauka. Njiani namfundisha wimbo. Ni noti moja tu, lakini jamaa ana kichwa kigumu.

Camille, ambaye hapa anaitwa Abiriga

*

Ludara, 27 Mei 1974

Camille, Camille, Camille,

Nakuandika mara tatu kwa sababu jina lako sasa linatajwa hapa, na mama analitaja kila anapogeuza ugali.

Dramadri ameniambia ulishuka Arua ukakataa kuja naye, eti umekatazwa. Umekatazwa jina, wewe mjinga, hujakatazwa miguu! Lakini nakuelewa, na sikiliza ilivyokuwa.

Barua yako ya Bunia ilikuwa imefika siku chache kabla. Nilimsomea baba yale maneno mawili. Akasema, "Karatasi inasema anakula. Mimi nataka kumwona anatafuna." Mama hata hivyo aliacha kufunika sahani, akaanza kufagia njia.

Jumamosi jioni tunasikia lori. Baba akaacha kutafuna. Lori likasimama mbali, pale kwenye mtama. Halafu kutoka huko ikaja re. Moja tu, ndefu. Sote tuliijua, ina mkwaruzo kidogo mwishoni tangu alipoiangusha utotoni. Baba akasema, "Huyo ni wetu." Mama alikuwa ameshakimbia, ameanguka kwenye mihogo, ameamka, amekimbia tena. Dramadri akatokea na mama shingoni. Baba alimshika uso kwa mikono miwili akamgeuza huku na huku kama anayenunua mbuzi. Akampa kipande cha ugali, akamtazama mpaka alipomeza. Ndipo akalia. Sijawahi kumwona baba akilia, na nimefurahi kwamba nimemwona kwa jambo hili.

Jana mjomba akaitwa afungue kitambaa. Watu walijaa, pombe ya kwete ikamiminwa. Ikatoka tarumbeta mpya, nyeupe bado, inanukia mti. Wazee wakaipapasa, wakasema huyu fundi wa Aru si mtu wa mchezo. Baba akasema, "Haya, ule wimbo." Wakapuliza.

Camille, laiti ungesikia. Dramadri akiwa mahali pake, wimbo ulitembea. Ulikuwa wimbo wako na haukuwa wako, ulikuwa na umri. Kina mama walianza kuucheza kama wamezaliwa nao. Wakafika pale pa kulia, pa fa. Kimya. Mjomba akainua ile mpya aweke mdomoni, na baba akamshika mkono.

"Acha," alisema. "Kwetu aliyeleta tarumbeta ndiye anapuliza. Nyumba hii haina mpulizaji ambaye si mtu wa nyumba hii. Driwaru, lete kalamu."

Anachosema kiko karatasi ya pili. Amenikataza kusahihisha.

Driwaru wako

*

Ludara, 27 Mei 1974

Kijana ya redio,

Mimi Abiriga nasema, binti yangu anaandika. Mimi nimemwambia kama yeye anatengeneza maneno yangu mimi nitajua, sababu atakuwa anacheka. Sasa anacheka. Andika tu.

Wewe ulifanya mimi nazika mtoto yangu, na yeye iko anakula samaki. Ile siku mimi nilitaka kukuja Arua na mkuki. Mama yake anajua. Halafu ulifunga duka, ukaenda, ukamtoa mtoto kule ukamrudisha kwa mlango yangu. Mtu moja anafanya hii mambo mbili, mimi hapana jua tena namna ya kumkasirikia. Nimejaribu. Imekataa.

Shangazi yako mwambie hakuna maneno. Marekani yake ni mzuri, mama ya Driwaru ameshakata ya mto ya kulalia. Mwambie akule chakula, akuje na ile kitenge.

Mahari tutazungumza. Mimi nitasema kubwa, wewe utasema dogo, ndiyo adabu. Usikubali haraka, wazee watasema sina binti ya maana.

Dramadri anasema gitaa hakuna tena. Nimesikia ilienda wapi. Sikujua mutu anaweza kutoa kitu kama ile kwa mtoto wa mwingine. Mimi siku ile ya betri sikucheka, na watu walisema Abiriga ni mkali. Hapana. Mimi nilikuwa nasikiliza. Wimbo ilikuwa mzuri, betri ndiyo alikuwa mbaya.

Kuja Jumamosi. Jana na leo tunapuliza mpaka pale, tunafika, tunanyamaza, tunatazama barabara. Mimi ni mzee, pumzi ni kidogo, na nimechoka kungoja katikati ya wimbo.

Waya acha huko Arua. Lete mdomo.

Mimi Abiriga, baba ya Dramadri (iko hai) na Driwaru